Pigo Moja Nyuma

Sene 12, siku ya Malaika Mikaeli

Naanza daftari hili nikimtaja Mungu Mmoja katika Utatu Wake, ambaye kwake hakuna mbali wala karibu. Mvua kubwa imeingia Debre Tabor tangu juzi. Nimerudi kutoka kanisani viatu vimejaa tope, na Yeshimebet mke wangu amevitoa nje.

Sababu ya kuandika ni hii. Shemasi Fikremaryam, niliyemfundisha uimbaji wa kanisa kwa miaka minne alipokuwa akilala katika kibanda cha wanafunzi nyuma ya ua wetu, leo ni mtu mzima wa miaka thelathini na minane, naye huuguza wazee katika mji wa Winnipeg, nchini Kanada. Waumini wenzetu wa huko wana kanisa dogo lisilo na kiongozi wa waimbaji; siku za sikukuu huimbiwa na kanda iliyorekodiwa. Wamemwomba awaongoze kuanzia Mwaka Mpya wetu, Meskerem mosi, mvua itakapokwisha. Amekataa kusimama mbele yao mpaka amalize kwangu sehemu aliyoiacha, yaani uimbaji wa fimbo na ngoma, nami nimpe baraka kwa kinywa changu. Bila baraka hiyo hataongoza, na kanda itaendelea.

Nimekubali. Tutakutana saa nane mchana kwetu, ambapo kwake ni saa kumi na mbili alfajiri, atokapo zamu ya usiku. Tunazo siku themanini na ushei. Kilichobaki ni njia ya kupitishia sauti.

Sene 14

Tsigereda alikuja baada ya ibada. Ni mtoto wa ubatizo wa Yeshimebet, na kazi yake ni kupanda nguzo za simu. Aliketi karibu na makaa akanieleza kwa utaratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Yeneta," alisema, kwa maana ndivyo tunavyoitwa sisi walimu wa kanisa, "intaneti ya nyumbani siyo kitu kimoja. Kuna ya mnara, unaweka kisanduku dirishani basi. Kuna ya waya wa shaba, ule ule wa simu ya zamani. Kuna faiba, nyuzi za kioo. Na kuna ya dishi, inapanda angani kwenye setilaiti inarudi. Kila mtu ananiuliza mbio tu. Wewe unataka nini?"

Nilimwambia nataka sauti ya mtu.

"Basi usiniulize mbio. Niulize inachelewa kiasi gani."

Nimeyaandika maneno hayo kwa sababu aliyasema kwa uzito. Sikuyaelewa.

Faiba, kwa maelezo yake, imeishia katika ofisi yao karibu na soko. Ili itufikie zinahitajika nguzo tatu ng'ambo ya korongo, na hakuna achimbaye korongo wakati wa mvua. Dishi liko moja tu upande huu, katika kituo cha mbegu za viazi nje ya mji. Kwa hiyo tutaanza na mnara.

Sene 16

Kisanduku kimefika. Tumekiweka dirishani, kisha juu ya mtungi wa unga, kisha juu ya kabati, tukitafuta mahali kitakapoupenda mnara. Yeshimebet alitazama yote hayo akasema, "Hata siku ya arusi yangu sikubembelezwa hivi."

Sene 17

Fikremaryam alitokea kwenye kioo cha simu. Amenenepa kidogo. Alisimama wima alipotuona, akainama mpaka kichwa chake kikatoka nje ya picha. Yeshimebet alimwuliza anakula nini, akamwuliza tena, akaenda jikoni kutoa machozi. Somo halikufanyika.

Sene 19

Mvua ilipozidi, zaburi ilifika ikiwa vipande. Nilisikia "Bwana," kisha kimya, kisha "milele." Yaliyokuwa katikati aliyajua Mungu.

Sene 21, siku ya Bikira Maria

Mnara umezimika kutwa nzima.

Sene 25

Tsigereda ameufufua waya wa shaba ulioletwa nyumbani humu na marehemu baba mkwe wangu. Viungo vyake vilikuwa vimeota kutu ya kijani, akavikata na kuviunganisha upya, mvua ikimpiga mgongoni, Yeshimebet akimshikia mwavuli usiomfikia. Shaba haina mbio. Uso wa Fikremaryam huonekana kama umechorwa kwa majivu, lakini sauti haikatiki. Nimeipenda. Kisanduku cha mnara tumekifunika kitambaa.

Sene 27

Leo tumeanza kwa haki. Katika uimbaji huu safu mbili za waimbaji husimama wakitazamana, na fimbo zote hushuka chini kwa silabi moja. Fimbo ikichelewa, wimbo umevunjika, na wazee wetu hawakuliona hilo kuwa kosa dogo. Nilimwagiza Fikremaryam ashushe fimbo yake pamoja na sauti yangu.

Alikuwa nyuma. Pigo moja zima nyuma. Nilimrudisha mara ya pili, ya tatu, ya saba. Fimbo yangu inagusa sakafu, napumua, ndipo yake inasikika. Nilimwambia usingizi wa zamu umemwingia mikononi. Akajibu, "Ndiyo, Yeneta."

Hamle 1

Bado yuko nyuma, pigo lile lile.

Hamle 2

Vilevile.

Hamle 5, siku ya Petro na Paulo

Nimemgombeza kwa maneno makali kuliko nilivyokusudia. Nilimwambia kwamba mtu mwenye kumfuata mwalimu kwa mbali kiasi hicho hamfuati, anamtazama tu akienda zake. Alikaa kimya, kama inavyompasa mwanafunzi. Katika njia yetu anayejitetea mbele ya Yeneta ameliacha somo.

Yeshimebet aliyasikia yote. Baadaye, akichambua dengu, alisema bila kuinua macho, "Huyu mtoto yuko upande wa pili wa dunia, na wewe unamgombeza kama yuko jikoni."

Nilimjibu kwamba sikukuu haitamngoja kwa kuwa yuko mbali.

Hamle 7, siku ya Utatu

Ngurumo. Hakuna somo.

Hamle 14

Naona dalili njema. Leo alichelewa, lakini si kwa pigo zima.

Hamle 19, siku ya Gabrieli

Amesogea tena. Nilimsifu kwa neno moja, naye akatabasamu kama alivyotabasamu siku Yeshimebet alipomfunga jeraha la mbwa, alipokuwa akipita nyumba kwa nyumba kuomba chakula kama waombavyo wanafunzi wa kanisa.

Hamle 26

Namshukuru Mungu. Leo fimbo yake na yangu zimegusa chini kwa sauti moja, ubeti wote, toka mwanzo hadi mwisho. Nilijiambia kwamba ukali wangu umezaa tunda. Usiku nililala vizuri.

Hamle 30

Kesho tunaingia katika mfungo wa Kupalizwa kwa Mama wa Mungu. Yeshimebet amesafisha vyungu vyote visibaki na harufu ya siagi.

Nehase 2

Ukingo wa korongo umeporomoka, nguzo imelala, na shaba yetu imekwenda nayo. Tsigereda anasema siku kumi na tano au zaidi. Mnara nao unasuasua, kwa kuwa shule zimefungwa na vijana wote wa mji wanatazama mpira. Akanishauri nimfuate ofisini kwao saa za chakula cha mchana, nikatumie faiba.

Nehase 4

Naandika nikiwa na moyo mzito.

Ofisini niliwekwa katika chumba chenye mitambo inayovuma. Faiba ni kitu cha kustaajabisha. Niliona nyuzi za sweta ya Fikremaryam, na sauti yake ilikuwa karibu kana kwamba ananong'ona begani pangu. Tukaanza ubeti ule ule tuliousawazisha mwezi wa Hamle. Naye akanitangulia.

Hakuwa nyuma wala sambamba. Fimbo yake ilishuka kabla ya silabi kunitoka kinywani. Nilisimamisha, tukaanza upya, akatangulia tena. Mara tano. Watu wa ofisi walikuwa wamesimama mlangoni wakisikiliza, na nakiri kwamba aibu ilichangia hasira yangu.

Nilimwambia, "Ulikuwa mvivu, nikakuvumilia. Sasa umekuwa na kiburi. Nani alikufundisha kumtangulia mwalimu wako?"

Aliinamisha kichwa. Nilimwambia asinipigie mpaka nitakapomwita, na kwamba awaambie watu wa Winnipeg waitunze kanda yao.

Tsigereda alinisindikiza mpaka darajani, kisha akarudi kazini.

Nehase 5

Kufunga, sala, mvua.

Nehase 6

Yeshimebet hazungumzi nami ila kwa mambo ya lazima. Jioni aliweka maharagwe mbele yangu, akasimama. "Mtu amekesha akiwageuza wazee wa watu vitandani. Asubuhi anakuja kwako, na wewe unamgeuza tena. Halafu unaenda kumwimbia Mama wa Mungu."

Sikuweza kula.

Nehase 8

Nilimwita, si kwa kuwa nimeshawishika, ila kwa kuwa sala yangu haikuwa ikipanda. Faiba ya ofisi ilikuwa na kazi nyingine, hivyo Tsigereda akaniombea nafasi katika kituo cha mbegu za viazi, penye dishi. Tulitembea saa nzima topeni. Dishi limeelekezwa angani, limejaa matone, na mlinzi hulipangusa kwa kitambaa kama uso wa mtoto.

Picha ilikuwa safi. Nilimwona ana mvi ndevuni. Sikuwa nimeziona bado. Hatukusema habari za juzi. Nilianza ubeti.

Alikuwa nyuma. Kutangulia kulikuwa kumetoweka kabisa, naye alikuwa nyuma kama zile siku za mwanzo, nikampa ubeti wa pili, na huko nako akawa nyuma vilevile. Nilifungua kinywa nimkemee, nikakumbuka alivyonitangulia kwenye faiba. Nilimwuliza tu kama amelala vya kutosha, akasema ndiyo. Nikamwambia nitamtafuta tena.

Njiani kurudi sikuona tope. Mtu mmoja, wimbo mmoja, katika juma moja. Kwenye shaba yuko sawa nami, kwenye faiba yuko mbele, kwenye dishi yuko nyuma. Mvivu hawi mwenye kiburi siku ya Ijumaa na mvivu tena siku ya Jumanne. Nimefundisha miaka arobaini na mitatu, na sijapata kumwona mwanafunzi anayebadilika kwa kufuata waya.

Nehase 9

Nilimwita Tsigereda mapema nikamwomba anieleze upya alichoniambia mwezi wa Sene. Badala ya maelezo alichukua simu mbili akaziunganisha. Moja alinipa mimi sebuleni, nyingine akampa Yeshimebet jikoni, akafunga mlango. "Yeneta, shusha fimbo. Mara moja tu."

Nikashusha. Yeshimebet akasema toka jikoni, "Nimesikia mbili. Moja ya ukutani, halafu moja ya simu."

"Hiyo ni kutoka hapa mpaka kwenye chungu cha maharagwe," alisema Tsigereda. "Sauti imeenda mpaka mnarani imerudi. Sasa wewe fikiria Winnipeg. Unaimba, inasafiri mpaka kwake. Yeye anashusha fimbo pale pale, sawasawa kabisa, halafu pigo lake nalo linasafiri mpaka kwako. Kwenye shaba safari hiyo ni ndefu. Kwenye faiba ni fupi. Dishi, hilo linapanda mpaka juu kwanza, ndiyo refu kuliko zote. Picha nzuri haimaanishi imewahi kufika."

"Kwa hiyo Sene hakuchelewa?"

"Sene alikuwa sawa, Yeneta. Tangu siku ya kwanza."

"Na Hamle, tulipokwenda sambamba?"

Hapo Tsigereda akamtazama Yeshimebet aliyekuwa amesimama mlangoni na simu mkononi. Aliyejibu ni mke wangu, kwa sauti ndogo. "Hamle alikuwa amejifunza kuimba vibaya ili wewe uridhike."

Nimelala kitandani mchana, jambo nisilolifanya.

Nehase 10

Nimeishi miaka sabini na moja. Nimepokea msamaha kwa makuhani, nimepatanisha wagomvi wa mipaka na wagomvi wa mirathi, na kila mara nimemwambia mkosaji abebe jiwe begani, ainame mbele ya aliyemkosea, asilishushe mpaka aambiwe ashushe. Sikuwahi kulibeba mimi.

Saa nane tulikiondoa kitambaa juu ya kisanduku cha mnara. Niliingia jikoni nikatwaa jiwe dogo la kusagia la Yeshimebet, nikaliweka shingoni, nikainama mbele ya simu aliyokuwa ameishika.

Fikremaryam alipoona, alipiga magoti kule alikokuwa. "Yeneta, hapana. Yeneta, shusha jiwe, utaniua."

Nilimwambia kwanza asikilize. Nikamweleza juu ya shaba na faiba na dishi. Nikamwuliza kama ni kweli kwamba alikuwa akishusha fimbo kabla ya kuisikia sauti yangu.

Akasema, "Nilikuwa nahesabu, Yeneta. Nikisikia silabi, nashusha kwa ile inayofuata. Mwanzo nilikosea, baadaye nikazoea. Kwenye mazoezi kanisani hapa wanalalamika kwamba nawakimbia. Mpiga ngoma ananiuliza naenda wapi. Nikawaambia ndivyo Yeneta wangu anavyotaka."

"Ulijua kwamba unaharibu?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nani anamjibu mwalimu wake?"

Nilimwambia nimemkosea kwa kutokujua, kisha kwa kiburi, na la pili ni zito zaidi. Nikamwomba anisamehe. Hapo mvua ikashuka kwa nguvu, na picha ikaganda. Yeye huko magoti yamepigwa, mkono umeinuliwa, mdomo wazi, mimi huku jiwe shingoni. Mgongo wangu ulianza kutetemeka. Tuliendelea hivyo kwa muda ambao siwezi kuusema.

"Shusha," alisema Yeshimebet. "Amekusamehe. Nimeiona midomo yake."

"Sijasikia."

"Merigeta," alisema, akiniita kwa cheo changu cha kiongozi wa waimbaji, "una miaka sabini na moja. Hilo ni jiwe langu na nalihitaji."

Sikulishusha. Ndipo sauti ikafika peke yake, picha ikiwa bado imeganda. "Nimekusamehe, Yeneta. Nisamehe na mimi. Shusha." Nikalishusha.

Yeshimebet alilichukua akaliosha, akaenda kusaga.

Nehase 11

Leo nimeiweka fimbo yangu chini ya kitanda. Nimemwambia Fikremaryam: usinifuate mimi, imba na mpiga ngoma wako hapo ulipo, nami nitasikiliza tu. Ilikuwa vigumu kwangu kukaa na mikono mitupu. Alitangulia kwa mazoea, akajishika, akatangulia tena. Mazoea ya majuma manne hayatoki kwa siku moja, na mtu wa kulaumiwa kwa hayo ninamjua.

Nehase 13, sikukuu ya Mlima Tabori

Watoto wamepita nyumba kwa nyumba na nyimbo zao, kama ilivyo desturi ya siku hii, Yeshimebet amewapa mikate. Hakuna aliyetaka kuondoka.

Nehase 16

Mfungo umekwisha. Tumekula.

Nehase 20

Shaba imerudi. Tsigereda aliniambia nguzo za faiba zimo katika mpango baada ya mvua, na akaniuliza iwapo ningependa aandike jina langu mbele. Nilimwuliza kama faiba ikifika Fikremaryam na mimi tutaweza kushusha fimbo pamoja. Alinijibu kwa unyofu kwamba hapana, dunia ni pana, hata nyuzi za kioo zina mwendo wake. Kuchelewa kutapungua, hakutaisha. Basi nimemwambia aandike majina ya wenye haja ya mbio kwanza. Mnara hufika haraka leo na kesho haufiki. Shaba huchelewa, lakini kwa kiasi kile kile kila siku, na mtu anaweza kuizoea kama anavyomzoea mzee mwenzake anayejibu salamu polepole.

Nehase 27

Mpiga ngoma wa Winnipeg alikuja naye leo. Ni dereva wa lori, jina lake Getnet, mikono yake mikubwa, na hana haya. "Yeneta, huyu zamani alikuwa anatukimbiza kama tumeiba kitu. Sasa hivi anatembea na sisi. Ulimfanya nini?"

Nilimwambia ukweli wote. Alicheka, kisha akaona kwamba sisi wawili hatucheki, naye akagusa ngoma.

Pagume 3, siku ya Rafaeli

Mvua ya leo, katika mwezi huu wa siku chache unaofunga mwaka, ni ya baraka. Mji mzima umetoka uani kuipokea vichwani. Saa nane Fikremaryam aliimba sehemu yote, kwa muda wa saa mbili na nusu bila kukosa, Getnet akiwa kwenye ngoma. Macho nilikuwa nimeyafumba. Sikuwa na fimbo mkononi. Mara tatu nilisikia mahali ambapo mimi ningefanya vingine, na mara tatu nikaona kwamba wao wako sahihi kwa mahali walipo.

Alipomaliza nilimpa baraka kwa maneno niliyopewa na mwalimu wangu, naye akapewa na mwalimu wake. Yeshimebet alitoka uani akarudi na maji ya mvua viganjani, akayanyunyiza juu ya kioo cha simu. Tsigereda akasema, "Emama, simu itakufa." Mama wa ubatizo wake hakumsikiliza.

Meskerem 1, Mwaka Mpya

Mvua imekoma. Maua ya njano yamefunika ukingo wote wa korongo.

Saa nane tuliketi watatu mbele ya simu. Kanisa la Winnipeg ni chumba chenye mazulia yasiyolingana. Walikuwa safu mbili, wanaume kumi na wanane kwa hesabu yangu, wamevaa nguo nyeupe, na Fikremaryam yuko mwanzo wa safu ya kulia. Hakutazama simu hata mara moja, na hilo lilinipendeza. Fimbo zikashuka. Zilishuka zote pamoja.

Yeshimebet alinishika mkono wa shati. Nilijua kwamba kila pigo nililolisikia lilikuwa limekwisha pigwa, na kwamba wao walikuwa tayari kwenye silabi nyingine ambayo mimi sijaipata. Sikuona kama ni hasara. Walipofika mwisho, niliwaza kwamba kule wamekwisha nyamaza, wanaangaliana, pengine mtu anakohoa. Lakini kwetu Debre Tabor wimbo ulikuwa bado unaimbwa.

"Wamemaliza?" aliuliza Yeshimebet.

Nilimwambia bado kidogo.